Hesabu za boila, na zile ekari tano

Neema shoga yangu,

Vipi hapo Mafinga, mvua zimeanza kunyemelea? Huku Ujerumani sisi wazima, watoto wazima, baba Luka mzima, mama mkwe ndo magoti yake yanaanza kumsumbua kila Oktoba ikifika. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili kwenye basi natoka naiti, umeuliza ni jiko gani la kuni linauzwa milioni sitini na kitu na kwanini nalitaka. Nikaona hili silijibu kwa voisi, ntakaa niandike vizuri maana linakuhusu na wewe pia, utaona mbele.

Kwanza si jiko la kupikia. Nyumba za huku zina mtambo kwenye chumba cha chini ya ardhi, unachemsha maji, maji yanapanda kwenye mabomba mpaka kwenye redieta za ukutani kila chumba alafu yanarudi yamepoa yanachemshwa tena, mchana na usiku, kuanzia sasaivi mpaka mwezi wa nne. Hilo ndo boila. Letu linatumia mafuta, ni kama dizeli tu, na lilifungwa 1996, tulinunua nyumba tukalikuta. Nyumba yenyewe ni ya 1962, kuta nene lakini juu ya dari hakuna kitu, joto tunalolipia linapita kwenye paa linaenda zake.

Februari likazima. Nje nyuzi 14 chini ya sifuri, huku Bayerischer Wald karibu na mpaka wa Ucheki baridi si ya kule Mufindi ya mwezi wa saba, hii inagandisha maji ndani ya bomba na bomba linapasuka. Fundi tuliyempigia alikuja siku ya tatu. Siku tatu Neema! Nikamtoa mama mkwe chini nikampandisha chumbani kwetu, tukalala watu watano na hita moja ya umeme, bibi wa miaka 81 na koti lake kitandani, kila nikiamka usiku namgusa mkono kuona kama una joto. Tangu siku ile mi sina amani na lile boila hata likiunguruma vizuri.

Sasa boila la peleti, ndo hilo nalitaka. Peleti ni maranda na vumbi la mbao, kile kile kinachorundikana nyuma ya mashine yako ya kupasulia. Wenzetu wanakikausha, wanakishindilia kwa presha kubwa mpaka kinatoka vijiti vya milimita 6, vigumu, vinang'aa, ukiviona utadhani chakula cha sungura. Lori linakuja mara moja kwa mwaka, linapuliza kwa mpira mpaka kwenye stoo chini ya nyumba, alafu boila linajilisha lenyewe, huamki usiku kuchochea. Kilo mbili zinakupa joto sawa na lita moja ya mafuta, hiyo ndo hesabu ya kushika kichwani.

Sisi tunachoma lita 2,800 kwa mwaka, kwa karibu euro moja kila lita ni 2,800. Peleti itakuwa tani 5 na nusu hivi, mwezi wa sita niliulizia nikaambiwa karibu euro 300 kwa tani, basi kama 1,700. Ukiishia hapo unaona umeokoa 1,100 na unasaini. Wauzaji wanaishia hapo! Lakini fundi wa dohani atakuja mara nyingi zaidi kwa boila la kuni, sevisi yake ghali zaidi, ile skrubu ya kusukuma peleti inakula umeme, nimeweka 300 kwa hayo yote nikabaki na 800. Na mtambo wenyewe profoma imekuja 34,600, humo kuna boila, tangi la kutunzia maji moto, stoo, kuweka bomba jipya ndani ya dohani na kung'oa matangi ya mafuta ya zamani.

Gawanya mwenyewe. Hata ukiondoa ruzuku ya serikali ni zaidi ya miaka ishirini kurudisha hela, na boila lenyewe linaishi kama miaka ishirini. Nilikaa na hilo karatasi mezani nikaona ni ujinga kabisa. Ila baadae nikaona nilikuwa nalinganisha vibaya, nalinganisha kununua na kutonunua, wakati kutonunua hakupo, lile la 1996 linakufa tu. Boila jipya la mafuta ni kama 13,000 na hilo serikali haikupi hata senti, na ukilifunga sasaivi kuanzia 2029 sheria ilivyo mwaka 2025 inataka uchanganye asilimia 15 ya mafuta ya mimea au mfano wake, 2035 asilimia 30, 2040 asilimia 60, nani anajua yatauzwaje. Afu kuna tozo ya kaboni, yaani ya moshi wa mafuta, mwaka 2025 ilikuwa euro 55 kwa tani, kwenye lita ilikuwa senti 17 na kitu ukiweka na VAT, na inapanda. Peleti hailipi hiyo.

Ruzuku ndo ilinikosesha usingizi. Wanahesabu mpaka euro 30,000 tu za gharama, zaidi ya hapo ni juu yako. Asilimia 30 kila mtu anapata, ndo 9,000, na 2,500 nyingine kama boila lina moshi msafi kabisa. Kuna asilimia 20 ya kung'oa la mafuta mapema, lakini kwa boila la kuni wanataka uweke na sola ya kuchemshia maji. Nikasema sola tena, elfu sita na mia nne, hapana. Alafu nikakaa na kikokotoo baada ya watoto kulala. Bila sola unalipa 34,600, unarudishiwa 11,500, unabaki na 23,100. Na sola unalipa 41,000, unarudishiwa 17,500, unabaki na 23,500. Umeelewa? Sola nzima kwa euro 400! Na kiangazi chote boila linazimwa, maji ya kuoga yanachemshwa na jua. Nilimwamsha baba Luka saa sita usiku nimwoneshe.

Lakini hiyo asilimia 20 wanatoa kama boila la zamani bado linafanya kazi. Likifa kabisa kabla hatujaomba, imepotea. Na ukianza kazi kabla ya kuomba umepoteza yote. Kwahiyo huyu mzee wa 1996 tunamuombea afike mwakani.

Pampu ya joto tuliiangalia pia, ile inayotumia umeme kuvuta joto kutoka hewa ya nje. Ni nzuri sana kwa nyumba mpya. Kwetu redieta ni za zamani ndogo, zinataka maji ya nyuzi 65 ndo chumba kipate joto, na kwa maji ya moto hivyo pampu inachoka, bili ya umeme ingepita ya peleti, na bado ubadilishe redieta karibu zote.

Kinachonitisha kwenye peleti ni viwili. Bei, kwanza. 2021 tani ilikuwa kama 240, Septemba 2022 ikapita 700, vita vya Ukraine vimeanza, mzigo wa Urusi na Belarusi umekatika, na kila mtu ananunua kwa hofu. Wewe mtu wa mbao utaelewa kuliko mimi, maranda ni mabaki, watu wakiacha kujenga mbao hazipasuliwi na maranda hayapo, lakini nyumba zinataka moto vile vile. Kwahiyo stoo lazima ibebe ya mwaka mzima, ninunue kiangazi ikiwa chini.

Cha pili ni hewa ya ile stoo. Peleti mpya zikikaa tu, bila hata kuwashwa, zinatoa gesi ya sumu, monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa. Unakumbuka kule kwetu kila mwaka msimu wa baridi, watu wanaingiza jiko ndani wanafunga madirisha na asubuhi hawaamki. Huku pia watu wamekufa kwa kuingia tu stoo ya peleti. Haina harufu, huisikii. Nimemwambia fundi stoo iwe na matundu ya kutoa hewa nje, mlango wenye kufuli na alamu ya monoksaidi ukutani, vinginevyo sisaini, na Luka ana miaka 7 anaingia kila tundu la nyumba hii.

Majivu ni kidogo, kilo 30 hivi kwa mwaka mzima, hayo ntayabeba mwenyewe nikitoka zamu.

Basi tulichoamua ni hiki. Dari kwanza. Novemba mi na baba Luka tunatandaza pamba ya kuzuia joto huko juu kwa mikono yetu, sentimita 24, ndo kazi ya bei rahisi kuliko zote na hakuna muuzaji wa boila aliyeitaja. Joto likiacha kukimbia, boila dogo linatosha, kilowati 15 badala ya 25, na peleti zinapungua. Masika ya huku, mwezi wa tatu, tunaomba ruzuku na kusaini. Nusu tuna akiba, nusu mkopo wa miaka kumi.

Na hapa ndo panakuhusu. Zile ekari tano za yule mzee tulizotaka kununua, zinazopakana na misindano yetu, miti yetu ya mbao, hela yangu niliyokuwa nimeiweka kwa ajili yake imeingia humu. Nimegeuza hesabu kila upande, haitoki. Mwambie mzee asitusubiri tena, na kama una mtu wa kuingia naye nusu kwa nusu ingia tu, sintanuna, kweli kabisa. Hela ya barabara za moto, zile njia za kufyeka moto usivuke, kwenye shamba letu la sasa nakutumia Ijumaa, usiruhusu mtu aache kufyeka upande wa bondeni, moto wa mwaka juzi ulitokea pale pale.

Ukienda shambani simama karibu na ile misindano ya mstari wa kwanza nikupate kwenye picha, nataka kuona imekufika wapi.

Wako,
Upendo