Risala ya wazazi wa darasa la awali kwa Mgeni Rasmi, Mufindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mtendaji wetu wa Kijiji, Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi wenzangu na nyie watoto wetu mnaohitimu leo, kamwene!

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii na tunakushukuru wewe mgeni wetu kwa kukubali kuja, maana barabara ya kutoka Mafinga mvua zikishaanza tunaijua wenyewe. Leo tunaomba tuongee kuhusu hili darasa la awali, kwa sababu wengi huku kijijini bado wanaliona ni sehemu ya kuhifadhi watoto wakati mama yuko kwenye mashamba ya chai.

Mheshimiwa, Sera ya Elimu ya 2014 ilishasema mwaka mmoja wa awali ni lazima, na tangu 2016 ada hakuna, lakini bado kuna mtoto anakaa nyumbani mpaka afike miaka saba ndo aletwe, tena moja kwa moja darasa la kwanza. Akifika pale anatakiwa aanze kusoma, kuandika na kuhesabu na hajawahi kushika penseli, halafu nyumbani ameongea Kihehe tu (na ni vizuri, ni lugha yetu), sasa mwalimu anafundisha Kiswahili na yeye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni hajui aseme nini. Anakaa kimya mwaka mzima watu wanasema mtoto mzito, kumbe sio mzito jamani, amecheleweshwa na sisi.

Kuna binti mmoja hapo mbele, mwanzo wa mwaka alikuwa anajificha nyuma ya mlango ukimsalimia tu. Juzi amesimama mbele ya wenzake akasimulia hadithi ya sungura na fisi mwanzo mpaka mwisho, na wenzake waliposahau kuitikia akawakumbusha.

Lingine ni hili la madaftari. Wazazi tunakuja juu, mbona daftari la mtoto halijajaa, mbona kutwa wanacheza. Mheshimiwa, mwalimu wetu alituita tukakaa nyuma ya darasa tukaangalia watoto wanacheza mdako, ile kurusha kijiwe juu na kabla hakijashuka umeshatoa vingine shimoni, viwili, vitatu, unarudisha. Pale mtoto anahesabu, anatoa na kujumlisha, na vile vidole vinavyodaka kijiwe ndo vitakavyoshika penseli. Tangu siku hiyo wengi wetu tuliacha kudai daftari.

Sasa tuje kwenye tumbo, hapa inauma. Mkoa wetu wa Iringa unalisha watu wengi, mahindi, viazi, maharage, maziwa yapo, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulituonyesha zaidi ya nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa wakati kitaifa ni kama asilimia 30. Chakula kipo ila mama anatoka alfajiri anarudi jioni, mtoto anakula mara mbili, ugali huohuo, na miaka hiyo ndo ubongo unakua kwa kasi. Kwa hiyo tulikubaliana kila kaya ilete mahindi, maharage na karanga, uji unapikwa hapahapa shuleni, na siku za uji mahudhurio yanapanda, hata ile baridi ya Juni na Julai yenye ukungu. Shida kuna wazazi hawachangii, na tunawaambia mbele yako mgeni rasmi kwamba mtoto wao hatutamnyima uji, ila walete.

Maombi yetu. Boma la darasa la awali tumelifikisha kwenye lenta kwa nguvu zetu, tofali tumechoma wenyewe, tumekwama kwenye bati na saruji ya sakafu, watoto bado wanakaa kwenye magunia. Vyoo tulivyonavyo matundu yake ni ya watoto wakubwa, hawa wadogo wanaogopa, wanaishia porini. Na mwalimu ni mmoja, mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25 na wetu ni zaidi ya mara mbili ya hao. Kama kati ya hayo matatu unaweza kuanza na moja tu, mheshimiwa, tunaomba uanze na mwalimu, bati tutaendelea kuchangishana.

Tunaomba kuwasilisha.