Mdogo wangu, usigombane na darasa zima

Mdogo wangu, habari za Moshi. Juzi uliponipigia nilikuwa kwenye kifodi (daladala za huku), kelele tupu, nikakwambia nitakuandikia, sa nimeona niandike hapa hapa wazi maana najua sio wewe peke yako uliyepewa darasa la kufundisha chuoni mwezi huu na usiku hulali.

Ulisema wanapiga story we unafundisha, kipindi cha saa 2 wanaingia saa 3 kasoro, na kuna mmoja kakuita "sista" wenzake wote wakacheka. Pole sana. Mimi waliniita mangi.

Sikutanii. Wiki ya pili tu kazini, niko ubaoni nachora leja ya uhasibu, mgongo nimewapa, nikasikia sauti inatoka kule nyuma: "Mangi, leo unafunga saa ngapi?" Darasa zima hoi. Ni kweli mimi Mchaga kama wewe, lakini hapa Arusha mjini mangi ni mwenye duka, unamwita ukitaka vocha au nusu ya sukari. Basi nikageuka nikafoka dakika 20 nzima, nikawatajia digrii, nikawatajia mpaka GPA, nikawauliza kama wananijua mimi nani. Walikuwa hawanijui, ila baada ya hapo wakanijua, maana ndani ya wiki moja hadi bodaboda wa getini wakawa wananiita mangi.

Siku hizi ningejibu tu "nafunga saa 4 kamili na leo sikopeshi" nikaendelea na leja yangu.

Kitu nilichokuja kukielewa nimeshachelewa ni kwamba hawa watoto wa astashahada juzijuzi tu walikuwa fomu foo, wamekuja na D nne zao, na nidhamu waliyoizoea ni ya fimbo. Kanuni inasema viboko visizidi 4 na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, ila mimi na wewe tumepita hukohuko, tunazijua hesabu za mwalimu wa zamu. Sa mtu katoka huko anafika chuo, fimbo hakuna, kengele hakuna, simu iko mkononi, anaanza kupapasa gizani ukuta uko wapi. Na bahati mbaya na wewe mwalimu mgeni hujui ukuta uko wapi, ndo maana wanakuchokonoa kila siku sehemu tofauti. Sio kwamba wanakuchukia aisee.

Kwa hiyo waonyeshe mapema, na iwe vitu vichache. Mlango kwa mfano, mimi sifungi. Shule walizoeshwa kusimama mlangoni kuomba ruhusa ya kuingia, na ukishamjibu mmoja kipindi kimeshakatika, kwa hiyo niliwaambia ukichelewa pita nyuma, kaa, hakuna salamu hakuna maelezo. (Jumatano hao wanaotokea Usa River siwasumbui kabisa, ni siku ya soko la Tengeru, foleni yake njiani we mwenyewe unaijua.)

Alafu karatasi ya mahudhurio. Hiyo ndo ilinifundisha kazi. Siku moja niliizungusha ikarudi ina sahihi 58. Nikahesabu vichwa taratibu, safu kwa safu, 41. Zamani ningepiga kelele. Nikaenda ubaoni nikaandika 58, chini yake 41, nikapiga mstari, 17. Nikawaambia jamani urari (hesabu za pande mbili) haujabalansi, tafuteni kosa, nikakaa kwenye kiti nikanyamaza. Dakika kama 3 hivi hakuna anayepumua, mara CR (kiongozi wa darasa) akainuka akachukua karatasi akaanza kukata jina moja moja, kalamu tu ndo inasikika. Toka siku ile inarudi imebalansi, au karibu.

Ila usidhani nimeshafuzu. Muhula uliofuata kuna kijana alikuwa analala kila kipindi, nikachoka nikamwambia toka nje. Akatoka. Wiki 3 simwoni, mi nikajua ana kiburi, mpaka nikakutana naye soko la Kilombero anapanga nyanya za mama yake. Namuuliza mbona huji darasani? Ananiambia, "Sir ulisema nitoke, hukusema nirudi lini." Kumbe alikuwa anasubiri baba yake arudi kutoka Mirerani, kule kwenye tanzanite, aje naye ofisini, kama shule vile, ukifukuzwa unarudi na mzazi. Testi 2 zilikuwa zimempita na mwisho akala sapu, mtihani wa marudio. Hiyo sapu ni yangu, sio yake. Kwa hiyo ukimtoa mtu, na wakati mwingine itabidi umtoe, sema hapohapo "tuonane kipindi kikiisha".

Mengine chapchap: grupu lao la WhatsApp usiingie, mtu wako ni CR, la sivyo utakuwa unasikiliza voisi noti saa 5 usiku. Yule baba mtu mzima uliyesema anakupinga kila sentensi, huyo yuko kazini miaka mingi, mwombe aeleze ofisini kwao wanafanyaje, atageuka mlinzi wako. Na anayekuja ofisini peke yake kuulizia maksi, mlango uache wazi. Akianza "madam nikutoe kidogo" mrudishe nje kwa sauti, watu wasikie.

Huyo wa "sista" usimwite ofisini, atarudi na hadithi ya kuwasimulia wenzake. Jua jina lake kwanza. Kesho ukifika kwenye swali gumu mwite kwa jina, mpe chaki, alafu msaidie alipate.

Yule wangu wa mangi mpaka leo sijui ni nani. Nina mtuhumiwa tu, yuko mwaka wa mwisho sasa, kila tukipishana koridoni ananipa shikamoo alafu anakohoa.