Barua ya wazi kwa MCA wetu (mwakilishi wa wadi): ile miti ya mtoni ilikuwa na wenyewe

Mheshimiwa, pokea salamu za kikundi chetu cha wamama wa kitalu. Unatujua, ulikuja hapa ukapanda mti wa mukinduri pamoja nasi, ukasema mbele ya chifu na watoto wa shule kwamba huu ukingo wa mto hakuna mtu ataugusa ukiwa ofisini.

Jumanne tingatinga imeingia.

Nilipigiwa simu saa moja asubuhi nikakimbia na slipa, nikapata mikuyu na mikinduri tuliyochunga miaka sita imelala chini, vijana wanapakia kwa lori, nikauliza ni nani amewatuma wakaniambia mama, enda uliza mheshimiwa. Basi nimekuja kukuuliza.

Hii kazi tulifunzwa na Green Belt Movement, lile shirika la kupanda miti, kuokota mbegu za kienyeji msituni, kuotesha, kuhamisha kwa mifuko, kumwagilia mpaka mche ushike, na ile pesa kidogo unapewa kwa mti uliopona tu, ukikauka hakuna kitu. Ndio maana tangu 1977 wamefikisha miti zaidi ya milioni 50, na hiyo si kazi ya ofisi ya Nairobi peke yake, ni migongo ya wamama wa vikundi. Kiangazi chote nimepandisha maji na mtungi wa lita 20, goti langu halijapona mpaka leo. Profesa Wangari Maathai, aliyeianzisha hiyo Green Belt, alipinga lile jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park 1989, halafu 1999 akapigwa kichwani pale msitu wa Karura akitaka tu kupanda mti, sisi tukadhani hayo yaliisha.

Mimi naona hapa kuna ploti imeuzwa, kwa sababu vigingi vimeshapigwa. Sheria inataka mita 6 hadi 30 kutoka majini ziachwe, na kigingi cha kwanza nimekipima, ni hatua nne tu. Serikali hiyo hiyo inatuambia nchi ipande miti bilioni 15 kufikia 2032, na hii yetu ilikuwa imeshapandwa na imeshika!

Fidia hatuitaki, mheshimiwa. Kitaluni tuko na miche tayari, mvua ikianza tunarudisha kila mti pale pale ulipokatwa, lakini hatuwezi kupanda kwa ploti ya mtu. Ng'oa vigingi. Jumamosi saa tatu tutakuwa mtoni na majembe, uje uving'oe mbele ya wale watoto uliowaahidi. Hivyo vigingi tu.