Wanaotafiti mvua wapewe faili za rada, si picha

Mhariri,

Wanafunzi wa vyuo vya Arusha na Moshi wanaoandika tasnifu kuhusu mafuriko huomba data ya rada ya hali ya hewa, na mara nyingi wanachoambulia ni picha: ramani yenye madoa ya kijani, njano na nyekundu. Picha hiyo inamtosha msafiri anayetaka kujua kama abebe mwavuli. Mtafiti haimfai kitu. Rangi moja imemeza desibeli kadhaa (kipimo cha nguvu ya mwangwi unaoirudia rada kutoka kwenye mvua), mwendo wa upepo haumo, na hakuna ajuaye mwale wa rada ulirushwa kwa pembe gani.

Lawama si za mtoaji peke yake. Barua inayosema tu "naomba data ya rada ya mwezi Aprili" humwacha afisa atoe kilicho rahisi. Barua itaje kituo cha rada, tarehe, pembe zinazotakiwa, vipimo (nguvu ya mwangwi, kasi, na vile vya mawimbi ya wima na ulalo kama rada inavyo), na iseme wazi kwamba kinachoombwa ni faili ghafi za mzunguko mzima, au zilizogeuzwa kuwa CfRadial au ODIM HDF5, miundo ya faili za rada inayosomeka na programu nyingi. Muda uandikwe kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Hapo kwenye saa ndipo wengi wanapoumia: mvua iliyonyesha Moshi saa 12 jioni imo kwenye faili ya 1500, kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele. Ukiandika "saa 12" bila kufafanua, afisa akaisoma kama 1200 ya UTC, unaweza kuletewa faili za saa tisa alasiri, wakati wingu halijajikusanya.

Pia mtu ajiulize kama kweli anahitaji data ya papo kwa papo. Anayetafiti masika yaliyopita anahitaji kumbukumbu, basi. Faili za dakika kumi zilizopita ni za anayejaribu mfumo wa tahadhari kwa mito mifupi ya milimani kama Themi na Rau. Huyo hata IMERG, makadirio ya mvua ya setilaiti yatolewayo na NASA ya Marekani, hayamsaidii sana. Ni ya bure, hutolewa kwa kila nusu saa, lakini toleo la mwanzo huchelewa takriban saa nne na mraba wake una upana wa kilomita 11 hivi. Maji yameshapita.

Mzigo wenyewe si mkubwa kama unavyohofiwa. Tuchukulie faili moja ni megabaiti 10 kila baada ya dakika 10: ni faili 144, sawa na gigabaiti 1.44 kwa siku. Diski ya terabaiti moja inabeba karibu siku 690. Kinachoharibu kazi ni mambo madogo. Kompyuta ya chuo huvuta faili ambayo rada bado inaiandika, programu inaisoma nusu na kukwama. Dawa ni faili kuandikwa kwa jina la muda, kisha kubadilishwa jina ikikamilika. Saa ya kompyuta ya rada isiposawazishwa kwa mtandao, mwangwi na kipimamvua havikutani kamwe. Na pasipo mpango wa kuhifadhi, diski ikijaa faili za zamani hufutwa, na dhoruba ya mwaka huo imepotea moja kwa moja.

Mazoezi yasisubiri kibali. Marekani ina mtandao wa rada za hali ya hewa uitwao NEXRAD, wenye rada zipatazo 160, na faili zake ghafi ziko wazi kwenye hifadhi ya Amazon, hata akaunti huhitaji. Mwanafunzi azifungue kwa Py-ART au wradlib, programu za kusoma data ya rada, zote za bure, ili data ya kwetu ikija asianze na alifu.

Huku kwetu atakutana na milima. Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) umo katika mtandao wa rada saba wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na ukiwa pale una Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Mwale wa nyuzi 0.5 ukifika kilomita 40 uko kama mita 440 tu juu ya rada. Unaugonga mlima, na nyuma yake ni kivuli kinachoonekana kama ukame. Ukifika kilomita 200 uko juu takriban kilomita 4.1. Hanang' iko mbali zaidi ya hapo, hivyo huko mwale unapita juu zaidi. Kisha kuna fomula za kugeuza mwangwi kuwa mvua: mwangwi wa 40 dBZ (desibeli za mwangwi) kwa fomula ya Marshall-Palmer ni milimita 11.5 kwa saa, kwa fomula ya mvua za kitropiki (yenye namba 250 na kipeo 1.2) ni 21.6. Asiyelinganisha na vipimamvua vya jirani anabahatisha.

Ombi letu kwa TMA ni folda moja ya SFTP (njia salama ya kuvuta faili kwa mtandao) kwa vyuo vilivyosajiliwa, yenye faili ghafi zinazochelewa hata nusu saa, ili usalama wa ndege usiguswe. Sera ya data ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ya Oktoba 2021 inahimiza watafiti na vyuo vya umma kupewa data bila malipo kwa kazi zisizo za biashara. Makubaliano yaandikwe kwamba chuo hakitatangaza tahadhari kwa umma, maana kwa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ya 2019 kazi hiyo ni ya TMA.

Wahadhiri wawili,
Arusha