Kaka, nyumba ya Mwanga si yako peke yako

Shikamoo kaka.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei tangu kile kikao cha ukoo. Jina lako silitaji.

Ulisema wifi aondoke na nguo zake tu, nyumba ya Mwanga, hapo Kigoma, ni jasho lako, yeye "alikuwa anapika tu". Mjomba alipofungua mdomo ukamkata: haya ya haki za wanawake yameletwa na Beijing.

Mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing ulikuwa 1995, kaka. Na katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa mama wa Ukerewe, Gertrude Mongella. Sheria ya Ndoa ilipitishwa 1971, mimi na wewe hatujazaliwa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma wote wawili, ila majaji wakavutana miaka: kupika, kufua na kulea ni kuchuma, au si kuchuma? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, akiwepo Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikamaliza ubishi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kazi za nyumbani ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, maana ilionekana fedha alizopewa na mumewe alishazitapanya. Waliofaidi hukumu yake ni wenzake waliokuja nyuma.)

Tena wifi hakuwa anapika tu. Ule mwaka uliosimamishwa kazi nilikaa kwenu miezi minne, nikaona. Alfajiri yuko mwaloni Kibirizi anagombea dagaa mitumbwi ikirudi. Jua likipanda ameshawaanika, ameinama anawageuza, mtoto mgongoni. Siku moja wingu lilitanda ghafla kutoka upande wa Kongo. Alifungua mbeleko akafunika dagaa, mtoto akanitupia mimi. Bati za nyumba ile zilitoka kwenye dagaa hao, na unajua.

Usiniambie pia kwamba Buha, kwetu sisi Waha, mwanamke hana kauli. Heru, moja ya tawala za Buha, ilikuwa chini ya chifu mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na babu yetu alikuwa mtu wake.

Sasa nasikia umeshapata mnunuzi. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinakataza mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na wifi anaweza kuweka zuio. Huyo mnunuzi umemwambia, au unataka aje ayajue mwenyewe akishatoa hela?

Baraza la usuluhishi linakaa Jumanne. Nitakuja na wifi, na daftari lake la dagaa nitalibeba mimi, lile lenye jalada la bluu. Ukurasa wa tatu kuna mwandiko wako: "Nimekopa kwa mama watoto 180,000 za bati. Nitarudisha."

Mdogo wako.