Barua kwa Idrisa kuhusu mtungi mdogo wa akiba

Mpendwa rafiki yangu Idrisa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba hatimaye umenunua mtungi mdogo wa akiba wa hewa ya kupumua unapopiga mbizi. Malalamiko yako kwamba tangu uufunge kando ya mtungi mkubwa mgongoni unalalia upande wa kulia kila unapotuliza mapezi ya miguuni hayakunishangaza hata kidogo. Umeuliza uongeze kilo ngapi za risasi, yaani vile vipande vya madini mazito vya mkanda wa kiunoni, upande wa kushoto. Kwa maoni yangu, usiongeze chochote kabla hujahamisha ulicho nacho.

Mtungi wako wa chuma wa lita 3, ukijazwa hadi baa 200 (kipimo cha mgandamizo), hubeba hewa ya kiasi cha lita 600, yenye uzito wa gramu 700 na ushei. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kwamba pamoja na regulata yake, kifaa cha kupumulia, unakuvuta chini kwa kilo 1 upande wa kulia. Ukitoa nusu kilo ya risasi kulia na kuivalisha kushoto, kulia kutakuwa kumepungua nusu na kushoto kumeongezeka nusu, na ile tofauti ya kilo nzima itakuwa imefutika bila mkanda kuongezeka uzito. Hesabu hii husimama iwapo risasi na mtungi viko umbali mmoja kutoka uti wa mgongo. Mtungi ukining'inia nje zaidi huvuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ubane karibu na mtungi mkubwa kadiri mikanda inavyoruhusu.

Wako wanaojaribu kujinyoosha kwa kutia hewa kwenye jaketi la kuelea. Hilo huzidisha tatizo, kwa sababu ukishalalia kulia, hewa ndani ya jaketi hukimbilia kushoto, upande ulio juu, ikakuinua huko na kukupindua zaidi.

Lililo zito kuliko yote ni jumla ya uzito. Najua utashawishika kusema kwamba, kwa kuwa mtungi mdogo unazama, basi utoe kilo 1 mkanda upungue. Usifanye hivyo. Katika mbizi ya kawaida mtungi huo hurudi umejaa kama ulivyoshuka, na kila kitu kitaonekana sawa. Lakini siku utakapouhitaji kwa kweli, mtungi mkubwa utakuwa umekwisha, ukiwa tayari umepoteza uzito wa hewa yake yote, ambao kwa mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi baa 200 ni zaidi ya kilo 2 na nusu. Kila pumzi utakayovuta kutoka kwenye ule wa akiba itazidi kukufanya mwepesi, wakati huohuo unapotaka kutulia kwenye kina cha mita 5 kabla ya kupanda juu. Kwa hiyo jipime kana kwamba mitungi yote miwili iko karibu tupu: mwishoni mwa mbizi, mtungi mkubwa ukiwa na baa 50, toa hewa yote kwenye jaketi, pumua taratibu na uone kama unabaki kwenye kina hicho; ukibaki, ongeza risasi ya kufidia hewa iliyobaki katika yote miwili.

Kuhusu kulala mlalo sina mengi. Miguu ikizama, pandisha mtungi mdogo kidogo, au hamishia kipande cha risasi kwenye mkanda wa juu wa mtungi mkubwa, ila kumbuka kwamba kipande hicho hutaweza kukiachia kwa haraka kama kile cha kiunoni. Ukija kununua wa alumini na kuuning'iniza ubavuni, utakuta tako lake linanyanyuka kadiri hewa inavyopungua. Huo unahitaji ufungaji mwingine kabisa.

Safari ijayo beba vipande vya nusu kilo badala ya hivyo vya kilo 2, uhamishe kimoja kimoja, kisha uniandikie ni wapi ulipoacha kupinduka.

Wako,
Mansuri