Kabla hujapanda ndege

Mwanangu Zuhura,

Umeniambia safari ya Muscat ni tarehe 14. Hongera, mwanangu. Viza tayari, begi tayari, mpaka nywele umeshasuka. Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi je? Nilikuuliza Ramadhani ukasema "nitaenda, mama". Nikakuuliza Idi.

Najua huumwi. Ndiyo maana naandika. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilipoanza kutolewa kwa wasichana nchini, 2018, wewe ulishakuwa mtu mzima.

Miaka 28 ya kufundisha baiolojia, hili sikuwahi kulieleza sawasawa. Seli ikiharibika vinasaba, kuna protini iitwayo p53 inaisimamisha ijirekebishe. Ikishindwa, inaamriwa ife. Inakufa kimya, mwenyewe huna habari. Sasa kirusi hiki, hasa aina ya 16 na 18, huja na protini yake, E6. E6 haipigani. Inashirikiana na protini nyingine ya seli ileile, wanaibandika p53 alama ya takataka, seli inaisaga. Jeni ya p53 mara nyingi nzima kabisa! Lakini kila ikitengenezwa inatupwa. Seli iliyotakiwa kufa inabaki, inagawanyika, inarundika makosa, miaka kumi na zaidi, bila maumivu.

Bila maumivu, Zuhura. Usiniambie tena "sisikii kitu".

Mama yako mdogo alipoanza kutokwa damu alimuuliza mtu wa vitabu, aliyemwamini. Akajibiwa ni umri, hedhi inakoma. Miezi saba ikapita hivyo. Sitaki kuliongelea.

Kipimo chenyewe ni siki tu. Wanapaka, wakiona doa jeupe wanaweza kuliunguza siku hiyohiyo. Wewe unayebishana na mabosi unaogopa kulala kitandani dakika tano? Nenda kabla ya tarehe 14. Huko utakuwa mgeni, ruhusa utaomba kwa nani?

Amina ametimiza miaka tisa, chanjo nitampeleka mwenyewe. Siku hizi ni dozi moja. Analia usiku, ila usirudi nyuma kwa sababu hiyo.

Mchele umefika, una mawe. Yule muuzaji mwache. Baba yako anaulizia chaja yake, anasema uliondoka nayo. Fundi wa bati alikuja jana, kakwama kwa misumari. Tuma hela leo, mvua imekaribia. Na ukitoka kupima nipigie, usiniandikie ujumbe.

Mama